Konzo: si kurogwa, si polio, na ugali kuiva si kinga

Mtu kalala mzima, asubuhi anashindwa kusimama: miguu imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havitui chini. Jirani wa kwanza kufika keshasema.

"Karogwa, mbona imekuja ghafla?" Konzo, ugonjwa wa kukakamaa miguu, ndivyo ulivyo. Vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya 1996 vinataka miguu yote miwili ikakamae ndani ya wiki moja, kwa mtu aliyekuwa mzima, kisha hali isiendelee kuwa mbaya. Chanzo ni sayanaidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, ukiliwa wiki kwa wiki bila kitoweo. Mwili huiondoa sumu hiyo kwa salfa itokayo kwenye samaki, nyama, mayai na maharage, vitu ambavyo njaa huviondoa mezani kwanza. Daktari Trolli aliuelezea ugonjwa huu Kongo mwaka 1938. Nampula, Msumbiji, ukalipuka 1981 wakati wa ukame, na Tarime, Tanzania, ikapatwa miaka hiyohiyo ya 1980. Wakiugua mama na watoto wawili nyumba moja, watu husema laana. Wanakula chungu kimoja, basi.

"Ni polio." Polio hulegeza mguu, mara nyingi mmoja, na misuli husinyaa. Konzo hukaza. Daktari akigonga chini ya goti kwa kinyundo, mguu wa konzo huruka kwa nguvu. Ugonjwa wa kuchunga usichanganywe nao ni kifua kikuu cha uti wa mgongo: mgongo unauma kwa miezi, homa za jioni, kibiongo kinaanza, pengine mkojo hauzuiliki. Huyo akapigwe picha ya mgongo upesi, maana dawa yake ipo na akiwahi miguu yaweza kurudi. Kumwambia "ni muhogo tu" ni kumpotezea nafasi.

"Ugali ukiiva sumu imekwisha." Dhana hii ndiyo inayolemaza watu. Linamarini, kemikali ya muhogo inayobeba sayanaidi, huvumilia moto. Kinachokufa upesi sufuriani ni kimeng'enya ambacho kingeivunja. Kazi yote hufanyika kabla ya jiko: kuloweka siku tatu au zaidi, kisha kuanika. Huko Bandundu, Kongo, barabara ilipofunguka na wachuuzi wakataka mzigo haraka, siku tatu zikawa moja, na konzo ikafuata.

Unga ukishasagwa bado kuna la kufanya, nalo limetokana na kazi ya mtafiti Howard Bradbury wa Australia. Tia unga kwenye beseni, weka alama ulipofikia. Mimina maji huku ukikoroga: kwanza unga hushuka, halafu hupanda tena. Unga ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze mkekani, unene usiofika sentimita moja, saa mbili juani au tano kivulini, kisha songa ugali siku hiyohiyo.

"Hospitali wataniponya." Hapana dawa wala sindano ya kuirudisha miguu iliyopigwa na konzo, na anayekuuzia anakuibia. Yapo mazoezi ya viungo, magongo, na kwa baadhi upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino, vinasaidia kutembea. Ila anayetoka na magongo akarudia unga uleule anaweza kupigwa mara ya pili, na safari hii hata magongo yasimfae.