Kosa la karani, na siku 24 za Krismasi

Jumanne jioni binti aliyejiunga nasi miezi minane iliyopita alikuja kwenye meza yangu na karatasi mbili mkononi. "Mama, Wakili amesema nitie sahihi hapa, halafu nikimbie kwa kamishna wa viapo kabla hajafunga." Nikazisoma. Ilikuwa hati ya kiapo kwa jina lake. Aya ya nne ilisema kwamba yeye, karani, alipokea nakala ya hukumu, akasahau kuiandika kwenye dayari ya ofisi, na ndiyo maana siku za kukata rufaa zikapita Wakili asijue.

Hukumu ile niliiweka mimi mwenyewe kwenye meza ya Wakili, siku hiyohiyo iliposomwa. Niligandisha kikaratasi cha manjano juu ya faili: "Siku ya mwisho tarehe 9 Januari." Kikaratasi bado kipo.

Nimekuwa karani wa mawakili hapa Nairobi kwa miaka 19, na viapo vya aina hii nimeviona vingi mno. Kuna imani iliyokaa vichwani mwa mawakili wengi kwamba karani ni miguu tu: kazi yake ni kubeba faili kwenda korti za Milimani na kurudi. Kwa hiyo chochote kikiharibika ni chake, na jina lake likiandikwa kwenye ombi la kuongezewa muda haumii, kwani hayo ni maneno ya kortini tu. Imani hiyo si kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho, na leo nataka kuieleza kwa hesabu.

Hukumu ya hakimu ilitolewa tarehe 10 Desemba. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu inaongozwa na kifungu cha 79G cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai: siku 30. Siku ya hukumu yenyewe haihesabiwi. Unaanza tarehe 11, na siku ya 30 inaangukia tarehe 9 Januari.

Wakili alipoona kikaratasi changu aliniambia, "Umesahau likizo," yaani likizo ya korti ya Krismasi. Sikuwa nimeisahau. Agizo la 50, kanuni ya 4, la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, zinazotungwa chini ya Sheria hiyo, linasema siku za kuanzia tarehe 21 Desemba hadi tarehe 13 Januari, zote mbili zikiwemo, hazihesabiwi. Ni siku 24. Ukizitoa, unahesabu siku 10 kabla ya Krismasi, unaanza tena tarehe 14 Januari, na unafika tarehe 2 Februari. Wakili aliifuata tarehe 2 Februari, na kati ya tarehe hizo mbili kuna shamba ambalo mteja anaweza kulipoteza.

Kila karani wa Milimani anaijua kanuni hiyo, na kila wakili pia. Wachache ndio husoma maneno yaliyo kwenye mabano. Yanasema hesabu inayosimamishwa ni ile iliyo chini ya Kanuni hizo au chini ya amri ya korti. Siku 30 za rufaa hazikuwekwa na Kanuni. Ziliwekwa na Sheria yenyewe, iliyopitishwa na Bunge, na Kanuni ni mtoto wa Sheria. Ndiyo maana niliandika tarehe 9. Kanuni hiyohiyo pia ina mlango wa nyuma ambao umewaponza wengi: haigusi maombi ya zuio la muda, yaani amri ya kumzuia mtu kutenda jambo kesi ikiendelea. Mtu akikuletea ombi la zuio tarehe 22 Desemba, usiseme saa imesimama.

Sasa niseme ninachokiona kigumu. Wapo mawakili ninaowaheshimu wanaosema kanuni hiyo inataja pia "kufanya tendo lolote lingine", na kwamba maneno hayo ni mapana, yanaweza kubeba na rufaa. Huenda wana haki. Mimi si wakili, sina cheti cha kusimama mbele ya jaji na kuibishia hoja hiyo. Lakini karani hahitaji kushinda hoja. Anahitaji tarehe ambayo hakuna atakayeibishia, na tarehe hiyo ni ile iliyo karibu zaidi. Ukiwasilisha tarehe 8, hoja ya mabano inabaki kuwa mazungumzo ya chai.

Yote haya nilitaka kumweleza Wakili mwezi Desemba. Nilifika sentensi ya kwanza. "Hiyo ni sheria, niachie mimi," akasema, akarudi kwenye simu.

Kuhesabu siku ni sheria. Kila siku makarani wanafanya kazi ya sheria na wanaambiwa wanabeba faili. Chukua Mahakama ya Rufaa. Ilani ya rufaa, yaani taarifa kwamba unakata rufaa, inawasilishwa ndani ya siku 14, kisha rekodi ya rufaa, yaani kitabu cha hati zote za kesi, ndani ya siku 60 tangu ilani hiyo. Mwenendo wa kesi uliopigwa chapa, yaani maandishi ya yaliyosemwa kortini, mara nyingi hautoki ndani ya siku 60, kwa hiyo kanuni zinakuruhusu kuutoa muda ambao korti iliutumia kuuandaa, na msajili wa korti anakupa cheti cha ucheleweshaji. Ila kuna sharti. Barua ya kuomba mwenendo iandikwe ndani ya siku 30 tangu uamuzi, na nakala yake apewe upande wa pili. Barua ikifika kwa msajili tu, na upande wa pili usipewe, huwezi kuutegemea muda ule. Nakala hiyo anaipeleka nani? Karani. Nani anahakikisha imegongwa muhuri wa kupokelewa na kurudi kwenye faili? Karani huyohuyo anayeambiwa hajui sheria.

Kuhusu kuwasilisha hati mtandaoni, kulikoanza hapa Nairobi tarehe 1 Julai 2020, nitasema neno moja. Kupakia hati hakutoshi. Lipa ada, hifadhi risiti. Wakili akikwambia saa kumi na nusu jioni "pakia, pesa nitatuma kesho", mwandikie ujumbe wa kumjulisha kwamba hati bado haijawasilishwa.

Kinachonikasirisha zaidi ni kwamba uongo ule haukuwa na haja. Korti zetu zimesamehe makosa ya mawakili kwa miaka mingi. Katika kesi ya Belinda Murai dhidi ya Amos Wainaina, Jaji Madan alisema wazi kwamba kosa ni kosa, na mlango wa haki haufungwi kwa sababu aliyekosea ni wakili mzoefu aliyepaswa kujua. Kifungu cha 79G chenyewe kinaruhusu rufaa iliyochelewa ikiwa kuna sababu nzuri ya kutosha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Nicholas Salat dhidi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ilisema kuongezewa muda si haki ya mtu, na anayeomba lazima aeleze kuchelewa kwake hadi korti iridhike. Haya, hapa maelezo yapo, na ni ya heshima: nilisoma Agizo la 50 hivi, nikaamini siku za likizo hazihesabiwi. Jaji anaweza kuyapima maneno hayo. "Karani alisahau" hawezi kuyapima, kwani ameyasikia asubuhi hiyohiyo kwenye faili nyingine tatu.

Na karani anaumia. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinataja kufanya kazi kwa uzembe kuwa miongoni mwa sababu za kumfukuza mfanyakazi papo hapo. Kifungu cha 41 kinampa haki ya kusikilizwa kwanza, akiwa na mwenzake kando. Lakini atajitetea kwa lipi, na kukiri kwake kumo kwenye kiapo, kwa sahihi yake mwenyewe, kimepigwa muhuri? Zaidi ya hayo, kuapa jambo unalojua si kweli ni jinai. Binti wa miaka 23 anatumwa ghorofa ya chini kwa kamishna kutenda jinai, na anayemtuma anamhimiza afanye haraka kabla ofisi haijafungwa.

Sisemi makarani hawakosei. Mwaka wangu wa tatu niliandika tarehe ya kusikilizwa kesi kwenye ukurasa wa mwezi usiofaa, na kesi ikatupiliwa mbali kwa kutohudhuria. Niliapa kiapo changu, kila neno kweli, na kesi ikarudishwa. Wakili wangu wa wakati huo alikuja nami hadi kortini, akaketi nami benchi moja mpaka tukaitwa. Tangu siku hiyo kila tarehe naiandika mara mbili, kwenye dayari na kwenye jalada la faili, na namsomea wakili kwa sauti.

Binti hakutia sahihi. Nilimwambia aende nyumbani, nami nikabaki kuandaa rasimu nyingine kwa jina la Wakili mwenyewe, inayoeleza Agizo la 50 na mabano yake, pamoja na picha ya kikaratasi cha manjano. Nimeiweka juu ya kibodi yake. Leo ni Alhamisi. Ameisoma, kwa sababu amerekebisha herufi moja katika aya ya pili, lakini sahihi bado hajatia.