Gia ikinasa kwenye P, giaboksi haijafa

Gari la otomatiki likigoma kutoka P (Park, gia ya kuegesha), wengi hutoa hukumu papo hapo: giaboksi imekufa. Hapana. Mara nyingi giaboksi ni nzima. Kinachogoma ni kufuli ya umeme inayobana mkono wa gia mpaka ukanyage breki.

Kufuli hiyo hutegemea swichi ndogo iliyo juu ya pedeli ya breki, ileile inayowasha taa za breki. Kwa hiyo washa gari, kanyaga breki, mwombe mtu aangalie nyuma. Isipowaka hata taa moja ya breki, anza na fyuzi, kisha swichi yenyewe. Ni kifaa cha bei ndogo, na inauma kuona mtu akishushiwa giaboksi nzima kwa ajili yake.

Toyota nyingi zina kitufe cha "SHIFT LOCK" kando ya mkono wa gia: vuta hendibreki, kanyaga breki, kibonyeze, kisha hamisha gia. Lakini bila taa za breki usiingie barabarani, maana wa nyuma hatajua unasimama.

Gia ikihama vizuri ila gari halisogei, hapo ndipo ukague mafuta ya giaboksi.