Kaseti na diski: kwa nini PlayStation iliiacha mbali Nintendo 64

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za gemu za miaka ya 1990, na vijana wanaoniletea mashine hizo, wakishasoma sifa zake mtandaoni, huniuliza swali lilelile: ikiwa Nintendo 64 ilikuwa na nguvu kuliko PlayStation, mbona watu waliikimbilia PlayStation? Swali ni la haki. Sony iliuza zaidi ya mashine milioni 102 za PlayStation ya kwanza, ilhali Nintendo iliuza Nintendo 64 zisizotimia milioni 33. Pengo kubwa hivyo haliwezi kuelezwa kwa matangazo peke yake, wala kwa kusema kwamba Sony iliwahi sokoni, ingawa ni kweli iliwahi: PlayStation ilitoka Japani tarehe 3 Desemba 1994, na Nintendo 64 ikaja tarehe 23 Juni 1996. Naamini sababu kubwa ilikuwa ni chombo ambamo gemu yenyewe ilihifadhiwa: kaseti kwa Nintendo 64, diski kwa PlayStation.

Kwa hesabu za kifundi Nintendo 64 inashinda waziwazi. Prosesa yake ilikwenda kwa megahezi 93.75, na ya PlayStation kwa takriban 33.9. Ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 4 iliyoweza kuongezwa hadi 8, wakati PlayStation ilikuwa na 2, pamoja na 1 iliyotengwa kwa ajili ya picha. Chipu yake ya michoro ilibuniwa na Silicon Graphics, kampuni ambayo kompyuta zake za bei kubwa zilitumika kwenye studio za filamu. Lakini mzazi aliyeingia dukani mwaka 1997 hakuwa na habari na megahezi. Aliangalia rafu ya gemu na bei zilizobandikwa.

Mezani kwangu ninapoandika haya kuna kaseti ya Super Mario 64. (Kaseti ndilo jina tulilolizoea huku pwani tangu enzi za mashine za bei nafuu zilizoiga Famicom, mashine ya zamani ya Nintendo, nami nitabaki nalo.) Kuifungua kunahitaji bisibisi maalumu, kwa sababu skrubu zake mbili hazikubali bisibisi ya kawaida. Ndani yake, katikati ya mabati ya kukinga, mna kibao kidogo chenye chipu chache: moja ni ya ulinzi, ambayo lazima ijitambulishe kwa mashine ndipo gemu iwake, na nyingine, kubwa kuliko zote, imebeba gemu nzima kwa megabaiti 8 tu. Kando yake nimeweka diski ya PlayStation, nyeusi kwa upande wa chini, ambayo ni plastiki yenye utando mwembamba wa alumini na hakuna zaidi. Inabeba takriban megabaiti 650. Kaseti kubwa kuliko zote zilizotolewa kwa Nintendo 64 zilibeba 64, kiasi ambacho hakifiki hata sehemu ya kumi ya diski moja.

Tofauti hiyo ya ujazo ndiyo inayosemwa sana, lakini mimi naona tofauti ya gharama ilikuwa nzito zaidi. Kaseti zilichukua wiki kadhaa kutengenezwa, na kampuni iliyotunga gemu ilipaswa kuziagiza kupitia Nintendo na kuzilipia kabla haijauza hata nakala moja. Ikiagiza chache na gemu ikapendwa, maduka yalikaa bila mzigo huku wateja wakiondoka mikono mitupu. Ikiagiza nyingi na gemu ikadoda, hasara yote ilikuwa juu yake. Diski ilichapwa kwa gharama ndogo sana, na mahitaji yakiongezeka, nyingine ziliweza kupatikana ndani ya siku chache. Ndiyo maana mtunzi mwenye wazo lisilo la kawaida, kama wale wa NanaOn-Sha waliotoa PaRappa the Rapper mwaka 1996, na shujaa wake mbwa mwembamba kama karatasi anayeghani rapu, alithubutu kulijaribu kwenye PlayStation. Mnunuzi naye aliyaona hayo kwenye bei: nchini Marekani gemu ya Nintendo 64 mara nyingi ilifika dola 60 hadi 70, ya PlayStation ilikuwa dola 40 hadi 50, na kuanzia mwaka 1997 Sony ilizirudisha sokoni gemu zilizouzwa sana kwa dola 25 hivi.

Pigo lililoonekana na wote lilitoka kwa Square, kampuni iliyokuwa imetoa gemu sita za mwanzo za mfululizo wa Final Fantasy kwenye mashine za Nintendo. Ya saba ilihitaji filamu fupi nyingi zisizoweza kuingia kwenye kaseti, ikatoka Japani tarehe 31 Januari 1997 kwa PlayStation, ikiwa na diski tatu. Baadaye kampuni ya Enix nayo ikaupeleka mfululizo wake wa Dragon Quest hukohuko.

Sitaki kuwadhulumu waliochagua Nintendo 64, maana walikuwa na sababu nzuri. Kaseti haina kusubiri: unabonyeza swichi, gemu imewaka, wakati mwenye PlayStation anatazama maandishi ya kupakia yakikawia. Mashine ilikuwa na matundu manne ya padi, na nyumba yenye watoto wanne iliyokuwa na GoldenEye 007 haikuhitaji kingine jioni nzima. Hata picha zake zilitulia. Kuta za gemu nyingi za PlayStation hutetemeka na kupinda kadiri unavyozisogelea, kwa sababu mashine ile haikuzingatia umbali ilipopaka picha juu ya pembetatu zake. Kwa upande mwingine, nafasi ya kuwekea picha hizo kwenye chipu ya Nintendo 64 ilikuwa kilobaiti 4 tu, na ukungu unaouona kwenye nyuso zake umetokana na hapo.

Huku kwetu diski iliamua mambo kwa njia nyingine kabisa. Sony iliweka ulinzi wake kwenye mwanzo wa diski, ambapo mstari wa data huyumba kidogo kwa makusudi na kuficha herufi nne ambazo mashine huzitafuta kabla ya kukubali kucheza. Kichomea diski cha kompyuta hakiwezi kuuiga myumbo huo, kwa hiyo mafundi walilehemu chipu ndogo iliyozitamka herufi hizo badala ya diski. Watunzi walipoteza haki yao, na hilo nalisema wazi, lakini ndivyo Winning Eleven, gemu ya mpira wa miguu, ilivyojaa kwenye vibanda vya gemu, katika diski za kunakiliwa zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino. Nintendo 64 ya kwanza niliyoishika ililetwa na mjomba kutoka Muscat ikiwa na kaseti mbili, na ni hizo mbili tulizozicheza mwaka mzima, kwa kuwa hapakuwa na pa kuinunua ya tatu.