Kiwiliwili cha Long-EZ ya zamani: yanayosemwa na yaliyo kweli

VariEze, ndege ndogo ya kujijengea iliyobuniwa na Mmarekani Burt Rutan, iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1975 huko Mojave, California. Miaka minne baadaye ikafuata ndege yake nyingine, Long-EZ. Kampuni yake haikuuza ndege hizo zikiwa tayari. Iliuza michoro, na mnunuzi akajijengea mwenyewe gerejini: anakata povu gumu, analifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo, analowesha kwa epoksi (gundi ya maji inayoganda ikawa ngumu), anasubiri ikauke. Michoro iliacha kuuzwa mwaka 1985, lakini ndege nyingi zilizotokana nayo bado zinaruka. Wenye nazo sasa wanataka pua ndefu zaidi, nafasi ya mabega, au kifuniko cha rubani kinachofungukia mbele. Kazi hizi zinawezekana kabisa, ila zimezungukwa na imani ambazo zinaweza kuua.

“Faibaglasi ikishazeeka imekwisha, iongezee tabaka.” Umri peke yake si tatizo. Maadui wa epoksi ni jua na joto. Mionzi ya jua huila epoksi iliyoachwa wazi, ndiyo maana chini ya rangi huwekwa tabaka la kuizuia. Joto nalo huilegeza epoksi iliyokaukia gerejini bila kuokwa, na ndege hizi hupakwa rangi nyeupe kwa sababu hiyo, si kwa urembo. Anayekarabati kiwiliwili halafu akakipaka rangi nyeusi au buluu iliyokoza amekidhoofisha kuliko miaka 40 ilivyokidhoofisha.

Kabla ya kuongeza chochote, chukua sarafu ugonge taratibu kila mahali. Pazima hutoa mlio mkali na mfupi. Pakitoa sauti butu, huenda kitambaa kimeachana na povu, na tabaka jipya juu yake halitaponya kilichoachana chini.

Tena, wingi wa tabaka si nguvu. Nguvu iko kwenye nyuzi na upande zinakoelekea. Kitambaa ambacho nyuzi zake karibu zote zimelala upande mmoja hubeba mzigo upande huo tu. Ubavu wa kiwiliwili husokotwa hewani, kwa hiyo pale kitambaa cha nyuzi zinazokatizana hulazwa mshazari, digrii 45. Ukikilaza wima unaongeza uzito na kupata nguvu kidogo sana. Epoksi inayobaki ikiogelea juu ya kitambaa ni hivyo hivyo: uzito mtupu.

“Epoksi mpya itashikana na ya zamani, si ni kitu kimoja?” Hapa naomba msomaji atulie, maana makosa mengi yako hapa. Wakati ndege inajengwa, tabaka hulazwa juu ya tabaka jingine kabla la chini halijakauka, na yote mawili hukauka yakawa mwili mmoja. Epoksi iliyokauka tangu miaka ya 1980 haina tena cha kuungana nacho. Unachofanya ni kubandika, na kibandiko hushika kulingana na uso ulioandaliwa.

Kwa hiyo rangi itoke yote. Halafu itoke ile pasta nyepesi ya kusawazishia, ambayo kwa macho inafanana sana na sehemu ya mwili wa ndege. Ukibandika tabaka la kubeba mzigo juu ya pasta, umelibandika kwenye kitu kisicho na nyuzi hata moja. Piga msasa hadi mng’ao wote uishe na uso ubaki na ukungu, lakini simama kabla hujakata nyuzi zenyewe. Panapounganishwa, chonga ukingo wa tabaka za zamani kwa mteremko, kama inchi moja kwa kila tabaka. Kisha mwagia maji safi: yakitandaa uso uko tayari, yakijikunja matone kuna mafuta au nta, rudi nyuma. Kupangusa kwa asetoni hakuchukui nafasi ya msasa.

“Resini ni resini.” Karakana nyingi za boti za faibaglasi hutumia poliesta, resini (gundi inayoganda) ya aina tofauti na epoksi, kwa sababu ni nafuu na kwa boti inafaa. Juu ya epoksi ya zamani poliesta hushika vibaya. Mbaya zaidi, kemikali ya stairini iliyomo huyeyusha povu la polistireni, lile lile lililo ndani ya mbawa za Long-EZ. Petroli pia huliyeyusha.

Kuhusu nyuzi za kaboni, kwa kifupi: hazinyumbuki kirahisi kama za kioo, kwa hiyo ukizichanganya, kaboni hubeba mzigo kwanza na kioo husubiri. Huziba mawimbi ya redio, na ndege hizi mara nyingi zimefichwa antena za utepe wa shaba ndani ya kuta. Ikigusana na alumini, alumini huliwa na kutu.

“Nimegusa kiwiliwili tu, urukaji haubadiliki.” Long-EZ ina bawa dogo mbele, lililopangwa lipoteze uwezo wa kunyanyua kabla ya bawa kubwa, ili pua ishuke yenyewe. Mpango huo unategemea kitovu cha uzito kubaki ndani ya mipaka. Kikirudi nyuma mno, bawa kubwa linaweza kutangulia kupoteza uwezo, na rubani asiweze kujitoa. Kilo chache puani au nyuma ya kiti zinatosha kukisogeza, kwa hiyo ndege ipimwe upya kwenye mizani. Marekani, badiliko kubwa kwenye ndege ya kujijengea kwa kawaida huirudisha kwenye majaribio, angalau saa 5, bila abiria.

Na si uzito tu. Tarehe 12 Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alifariki alipoanguka na Long-EZ kwenye ghuba ya Monterey. Aliyeijenga ndege hiyo hakufuata michoro kwa jambo moja: hakutaka mafuta yapite karibu na rubani, akahamishia wenzo wa kubadili tangi la mafuta nyuma ya bega la kushoto. Wachunguzi wa NTSB, shirika la Marekani linalochunguza ajali za usafiri, walipojaribu wenyewe, waliona kwamba rubani anapojipinda kuufikia, mguu wa kulia husukuma pedali ya usukani ulio kwenye ncha ya bawa. Kwenye michoro ya Rutan wenzo huo uko katikati ya miguu ya rubani.