Kwaresima Inaeleweka Ukiitazama Kutokea Pasaka

Kila mwaka, inapokaribia Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani kipindi cha mfungo kabla ya Pasaka, waamini wengi huniuliza wajinyime nini safari hii. Ni swali jema, lakini mimi ninayefundisha liturujia, yaani ibada za Kanisa, na kuwaandaa wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, huwaomba kwanza watazame tunakokwenda, yaani Mkesha wa Pasaka, kwa kuwa mfungo usio na Pasaka mbele yake hugeuka upesi kuwa mashindano ya mtu na nafsi yake.

Mtaguso wa Nisea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, tayari unakitaja kipindi hiki cha Kwaresima katika kanuni yake ya 5. Katika karne hiyo, siku hizo zilikuwa maandalizi ya mwisho ya wale waliongoja kubatizwa usiku wa Pasaka, na waliokwisha kubatizwa walifunga na kusali pamoja nao, huku nao wakirudishwa kwenye chemchemi ya imani yao wenyewe. Ndiyo maana nasema kwamba upya tunaoutafuta ni neema ya ubatizo, ambayo tulikwisha kupewa na ambayo Mungu hajaifuta.

Jambo hili linaonekana wazi katika Injili za Dominika ya 3, ya 4 na ya 5 za Kwaresima za Mwaka A, mwaka wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu wa masomo ya Misa, ambazo Kanisa huzisoma hasa kwa ajili ya wakatekumeni. Mwanamke Msamaria anakuja kisimani saa sita mchana kuteka maji, lakini baada ya kuzungumza na Yesu anauacha mtungi wake na kukimbilia mjini. Kipofu tangu kuzaliwa, aliyeponywa na Yesu, anasema hajui kama Yesu ni mwenye dhambi kama Mafarisayo wanavyodai, ila ana hakika na neno moja: “Nalikuwa kipofu, na sasa naona.” Kisha tunafika kaburini kwa Lazaro, rafiki wa Yesu, na hapo mimi hupenda kukaa muda mrefu zaidi na wanafunzi wangu, kwa sababu Martha, dada wa marehemu, hamfichi Bwana hali ilivyo: “Ananuka sasa, maana amekuwa maiti siku nne.” Yesu hakanushi harufu hiyo, wala haahirishi kazi yake mpaka iishe; jiwe linaondolewa kama alivyoagiza, naye anamwita Lazaro atoke akiwa hai. Kwa anayeamini kwamba maisha yake yameharibika kiasi cha kutotengenezeka, sijui habari njema iliyo kubwa kuliko hiyo.

Kufunga, kusali na kutoa sadaka, mambo matatu ambayo Yesu anayafundisha katika Mathayo 6, yanapata maana yake hapo. Ni namna ya kuliondoa jiwe ili sauti ya Yesu itufikie, na Isaya 58 inatukumbusha kwamba mfungo usiomgawia mwenye njaa chakula haumpendezi Mungu, hata ukiwa mkali namna gani.

Aliyevunja mfungo wake katika juma la pili, akaona aibu na kuacha kila kitu, namshauri aiendee Sakramenti ya Kitubio, yaani aungame dhambi zake kwa padre, asali Zaburi ya 51, sala ya toba, na kuendelea kesho yake. Usiku wa Pasaka, padre atakapotualika kurudia ahadi za ubatizo, hataulizia idadi ya siku tulizofunga. Atauliza kama tunamkataa Shetani na kama tunamsadiki Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, na aliyeanguka mara nyingi ana haki ya kujibu “Nasadiki” kwa sauti ileile ya aliyesimama imara.