Udhaifu kwenye orodha ya madhara ya dawa za ukomo wa hedhi: maana yake nini hasa?

Fungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti ya dawa za ukomo wa hedhi, na mara nyingi, karibu na kichefuchefu na maumivu ya kichwa, utakuta imeandikwa "udhaifu", "uchovu" au "kuishiwa nguvu". Basi, hakuna maelezo zaidi. Msomaji mmoja ataogopa kwamba miguu itamlegea akiwa njiani, mwingine atapuuza kabisa.

Kwa wanaoandika karatasi hizo, udhaifu ni hali ya mwili mzima kukosa nguvu pasipo kazi iliyouchosha. Umelala usiku kucha, lakini kupanda ngazi kunakuwa shughuli, na mikono ni mizito unapoinua ndoo ile ile ya kila siku. Kwa kawaida misuli yenyewe haina kasoro: daktari akikuambia umsukume kwa mkono, unamsukuma vizuri tu. Huo ni tofauti na usingizi, yaani kope kufumba zenyewe, na ni tofauti kabisa na kiungo kimoja kukataa kufanya kazi. Hayo matatu watu huyaita udhaifu bila kuyatenganisha, ilhali kila moja lina chanzo chake na haraka yake.

Ugumu wa kwanza ni kwamba ukomo wa hedhi wenyewe huchosha. Joto la ghafla na jasho la usiku humwamsha mwanamke mara kadhaa, na asubuhi anaamka kama hakulala. Kwa hiyo anayeanza dawa akiwa tayari amechoka hawezi kujua kwa kubahatisha ni kipi kinachomwangusha. Watafiti wana shida hiyo hiyo, ndiyo maana hulinganisha wanaomeza dawa na wanaomeza kidonge kisicho na dawa ndani. Hao wa kidonge kitupu nao hulalamika uchovu! Kinachohesabika ni tofauti kati ya makundi hayo mawili. Orodha iliyopo kwenye pakiti haikuambii hilo. Inakwambia tu kuwa jambo limeripotiwa. Na kwenye karatasi za Ulaya, "kawaida" ina kipimo chake: ni madhara yanayoweza kumpata hadi mtu 1 kati ya 10. Maana yake walio wengi hayawapati.

Ugumu wa pili ni kwamba dawa za ukomo wa hedhi si dawa moja. Mwenye mfuko wa uzazi anayepewa homoni ya estrojeni hupewa pia homoni ya projesteroni ili kulinda ukuta wa mfuko huo. Ile projesteroni ya kumeza, inayofanana na ya mwili, huvunjwa na kuwa kemikali inayotuliza ubongo, ndiyo sababu huagizwa imezwe wakati wa kulala. Ukiimeza asubuhi, usishangae kushinda umezubaa. Hapo tatizo ni saa, na kuirudisha usiku mara nyingi kunatosha. Gabapentini, ambayo wengine huandikiwa kwa ajili ya joto la ghafla, nayo huleta usingizi na kizunguzungu. Klonidini, ambayo nayo wengine huandikiwa kwa joto la ghafla, hushusha shinikizo la damu, hivyo anayeinuka haraka kitandani anaweza kuona kiwi na kulegea magoti. Elinzanetanti, dawa isiyo ya homoni iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2025, humezwa usiku, na uchovu na usingizi vimo miongoni mwa madhara yake yanayojulikana.

Kuna njia moja isiyo ya moja kwa moja ya kuleta udhaifu ambayo naona haizungumzwi vya kutosha. Estrojeni ya kumeza hupita kwanza kwenye ini, na ini huongeza protini inayobeba homoni ya tezi ya shingo katika damu. Mwenye tezi nzima hasikii lolote, kwa sababu tezi hufidia. Lakini anayetumia vidonge vya homoni ya tezi hiyo kila siku hawezi kufidia, na kipimo kilichokuwa kinamtosha kinaanza kupungukia. Baada ya wiki kadhaa anakuwa mzito, anahisi baridi, nguvu zimekwisha, na lawama zote zinaiangukia estrojeni. Dawa yake ya tezi ndiyo inayohitaji kuongezwa, baada ya kupima damu. Estrojeni ya kubandika kwenye ngozi haipiti njia hiyo, kwa hiyo kwa kawaida haileti tatizo hili.

Paroksetini ni dawa ya sonona, ila kwa kiwango kidogo cha miligramu 7.5 iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa joto la ghafla. Uchovu ni moja ya madhara yake. Mara chache, dawa za kundi hili hushusha chumvi ya sodiamu kwenye damu, na hatari huwa kubwa zaidi kwa wenye umri mkubwa na wanaotumia dawa za kukojoza. Hapo udhaifu huja na kichwa kuuma, kuchanganyikiwa, kuyumba. Kipimo cha damu ndicho kinachoonyesha, na mgonjwa haifai kusubiri aone kama utapita.

Fezolinetanti inastahili kuangaliwa kwa karibu. Iliidhinishwa Marekani Mei 2023, kidonge kimoja cha miligramu 45 kwa siku, bila homoni yoyote. Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya huko iliamuru iwekewe onyo la ngazi ya juu kabisa, kwa sababu inaweza kuumiza ini, ingawa ni kwa nadra. Uchovu mpya usio wa kawaida ni mojawapo ya dalili za mwanzo za kuumia huko, pamoja na kichefuchefu, kuwashwa mwili, mkojo mweusi, choo kilichopauka, na macho au ngozi kuwa ya njano. Ini hupimwa kabla ya kuanza, kila mwezi kwa miezi 3 ya mwanzo, kisha mwezi wa 6 na wa 9. Aliyepata dalili hizo huacha dawa na kumwona daktari upesi. Hapa udhaifu si kero ya kuvumilia.

Na kuna udhaifu wa upande mmoja. Mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea ghafla, uso ukapinda, maneno yakakwama, hicho ni kiharusi mpaka hospitali iseme vinginevyo. Estrojeni ya kumeza huongeza kidogo uwezekano wake, na raloksifeni, inayotumika kulinda mifupa baada ya ukomo wa hedhi, ina onyo la vifo vya kiharusi kwa wanawake walio katika hatari kubwa ya moyo. Kuhusu hili hakuna kuandika tarehe wala kungoja kesho.

Kwa udhaifu usio na dalili hizi za hatari, tarehe ndizo zinazosaidia. Ulianza lini kulinganisha na kidonge cha kwanza, au na siku kipimo kilipoongezwa? Unakuja saa ngapi baada ya kumeza? Je, unatokwa damu? Matone yasiyo na mpangilio ni ya kawaida katika miezi michache ya kwanza ya homoni, lakini damu nyingi au isiyokoma inataka uchunguzi, na yenyewe inaweza kumaliza damu mwilini hadi mtu akahema kwa kutembea tu. Mtu anayekwenda kliniki na majibu hayo, pamoja na dawa zake zote za magonjwa mengine, anampa daktari kitu cha kushika: kubadilisha saa, kupunguza kipimo, kuhamia kwenye kibandiko, au kupima damu, tezi na ini. Kuacha dawa ghafla kwa uamuzi wako, hasa ukiwa unatumia paroksetini kwa kiwango cha kutibu sonona, gabapentini au klonidini, kunaweza kuzua shida mpya, na klonidini ikikatwa ghafla shinikizo la damu linaweza kupanda kwa kasi.