Barafu ya Greenland kwenye Glasi za Malindi: Yasemwayo na Yaliyo Kweli

Tangu kampuni ya Arctic Ice ya Greenland ipeleke Dubai kontena lake la kwanza la barafu ya kale ya kutia kwenye vinywaji, takriban tani 20, msimu wa wageni ukikaribia hapa Malindi hakosi mwenye hoteli au mwandaaji wa harusi wa kuniuliza kama na sisi tunaweza kuagiza. Kazi yangu ni mitambo ya barafu. Nahudumia mabanda ya samaki na hoteli, kuanzia hapa hadi Shela kule Lamu. Swali lenyewe halina neno. Kinachonichosha ni sababu ninayopewa, kila mara ileile.

"Ni barafu ya asili, haikugandishwa kwa umeme, kwa hiyo haichafui mazingira."

Hapana. Anayesema hivi amehesabu kugandisha akasahau kusafirisha, na gharama yote iko huko kwenye kusafirisha. Mtambo uliotunzwa vizuri, katika joto hili letu la pwani, hugandisha tani moja ya mapande kwa uniti 70 hivi za umeme. Umeme wa gridi ya Kenya, karibu asilimia 90 hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Hapo Langobaya tu kuna mtambo wa sola wa megawati 40. Hata Lamu, iliyozoea kunguruma kwa jenereta za dizeli, sasa imeunganishwa na gridi. Nikikadiria kwa ukali, gramu 100 za kaboni dioksidi kwa kila uniti, tani yetu moja ya barafu imetoa kilo 7.

Sasa njoo kwa ile ya Nuuk, mji mkuu wa Greenland. Inaopolewa kwa kreni kwenye hori ya Nuup Kangerlua, inapakiwa kwenye kontena la baridi, inapelekwa Denmark, kisha inaanza safari ya kuja huku kwetu. Hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 12,000 kwa njia ya Suez, na meli ikizunguka Afrika Kusini, kama nyingi zilivyofanya tangu mashambulizi ya Bahari ya Shamu yaanze mwishoni mwa 2023, ni mbali zaidi. Meli kubwa ya makontena, ukiihesabia kwa huruma, hutoa gramu 10 kwa kila tani kwa kila kilomita. Hizo ni kilo 120 kwa tani moja ya barafu, mara 17 ya ile ya kwetu. Na hapo sijagusa umeme wa kontena lenyewe, ambalo lazima libaki chini ya sifuri usiku na mchana likilishwa na jenereta za meli. Sijagusa lori la kutoka Mombasa, wala boti ya kuvukia kisiwani Lamu.

Wauzaji wana hoja moja ambayo siidharau. Greenland huagiza vyakula vingi kwa makontena ya baridi, na mengi hurudi Ulaya matupu. Kuyajaza barafu, wanasema, hakuongezi safari. Ni kweli, lakini mpaka Denmark tu. Kutoka hapo kuja Bahari ya Hindi hakuna kontena tupu la bure linalotusubiri. Isitoshe, kontena tupu huzimwa. La barafu haliwezi kuzimwa hata saa chache.

Kwa hiyo mteja akiniambia anataka kuandika kwenye orodha yake ya vinywaji kwamba barafu yake ni rafiki wa mazingira, namjibu anunue ya mtambo wa hapa. Anaponunua hapa, mtambo unabaki hai hata siku ambazo samaki ni wachache, na mvuvi akirudi na nguru au jodari anaikuta barafu. Katika joto letu samaki anahitaji takriban kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya nyama. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya barafu pwani hii, na inaniuma kuona watu wakitafuta ya kuvuka bahari mbili ilhali mchuuzi anauza kwa hasara kabla ya magharibi kwa kukosa pande moja.

"Lakini inayeyuka hata hivyo."

Kwa uzito, wana haki: Greenland hupoteza takriban tani bilioni 270 za barafu kwa mwaka, na kontena moja halionekani humo. Lakini inayeyuka kwa sababu gani? Kwa joto la mafuta tunayochoma. Kuchoma mafuta zaidi ili tuifuate kwa ajili ya glasi moja ni kuongeza kilekile kinachoiyeyusha. Mtu wa Greenland ana haki ya kutafuta riziki katika nchi inayotegemea mno samaki na ruzuku ya Denmark, nami simlaumu. Anayeweza kuamua vinginevyo ni mnunuzi. Tofautisha pia pande linaloelea na barafu iliyo bado mlimani: mwaka 2012 polisi wa Chile walimkamata mtu na lori lenye tani tano kutoka barafu ya Jorge Montt, zilizokuwa zikipelekwa kwa vinywaji vya Santiago. Huo ni wizi.

"Wakiichukua, bahari itapanda Lamu."

Hii husemwa na wanaonipongeza, na nao wanatia chumvi. Pande linaloelea lilishapandisha bahari siku lilipoanguka majini. Uliyeyushe humo au uliopoe, huku kwetu hutaona tofauti. Kinachotutishia ni barafu ya nchi kavu, ile ya Greenland ambayo ikiisha yote itainua bahari kwa mita 7 hivi.

"Tuteremshe ya Mlima Kenya basi." Hapana kabisa. Ni mbuga ya taifa, na Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilishaonya kwamba barafu ya milima ya Afrika huenda ikaisha katika miaka ya 2040, ya Mlima Kenya mapema zaidi.

"Ya kale haiyeyuki upesi." Kilo ya barafu yoyote humeza kilojuli 334 ikiyeyuka. Pande kubwa lisilo na mapovu hudumu zaidi kwa umbo lake, si kwa umri.

"Baridi imeua vijidudu vyote." Baridi huvilaza. Vimelea hai vimepatikana katika barafu ya kale sana. Usalama unatokana na maji na kipimo cha maabara, iwe ya Nuuk au ya Malindi.

"Ya kwetu ina ukungu." Ukungu ni hewa na chumvi vilivyonaswa katikati. Kiwandani tunapuliza hewa ndani ya maji yanapoganda, kisha tunanyonya maji ya kati. Nyumbani au hotelini, chukua sanduku la baridi kama lile la wavuvi, lijaze maji yaliyochujwa (ya kisima cha chumvi hayafai), uliweke kwenye friza bila kifuniko. Baridi itaingia kwa juu tu na kusukuma hewa chini. Litoe baada ya saa 20 hivi, kabla chini hakujaganda, umwage maji yaliyobaki, ukate sehemu yoyote yenye ukungu uitupe. Kabla ya kukata vipande, liache pande nje dakika 10 hadi uso uwe na unyevu. Ukilipiga kisu likiwa bado kavu litapasuka ovyo.